Namba Iliyokosa Mwenyewe

3 Februari

Mpwa wangu,

Kosa wanalofanya watu wengi wakishika namba ndefu ni kudhani kwamba ikishinda mtihani mmoja basi ni ya kweli. Nimelitanguliza hilo kabla ya salamu kwa sababu nakujua: salamu zangu huwa unaziruka, unakwenda moja kwa moja kwenye jibu. Sasa rudi nyuma tusalimiane kama watu. Sisi hatujambo. Goti langu linalalamika mbele ya ngazi, na mke wangu ameleta kuku wawili ambao sasa wanaheshimiwa humu ndani kuliko mimi. Mama yako vipi? Dada yangu hajawahi kupitisha mwezi bila kuniandikia, hata kama ni kunigombeza tu. Tangu Novemba sijauona mwandiko wake. Kunipigia simu najua haiwezekani, masikio yangu yamekwisha, lakini macho bado ninayo.

Haya, swali lako. Unasema mashine ya kuchapa majibu hapo maabara imekufa, kwa hiyo mnanakili namba za chupa za vipimo kwa mkono. Kila anayenakili hujumlisha tarakimu zote, hutoa tisa kadiri zinavyotoka, na kuandika baki pembeni. Baki la nakala likilingana na baki la namba ya asili, mnasema kazi ni safi. Unauliza kama hiyo inatosha.

Tuichukue namba uliyonitumia, 4 820 631 953. Jumlisha tarakimu zake: inatoka arobaini na moja. Toa tisa nne, yaani thelathini na sita, inabaki tano. Mtu akiandika saba mahali pa nne, baki litabadilika na atakamatwa. (Sifuri na tisa peke yake ndizo zinazoponyoka, maana kwa mtihani huu hizo mbili ni mapacha.) Lakini mtu huyo huyo akiandika tarakimu zote sawasawa, ila mbili zikapishana nafasi? Jumla haijali nani ametangulia. Ukibeba vikombe kumi, ni kumi tu, hata ukibadilisha mkono. Ndiyo maana namba na ile iliyopishanishwa hutofautiana daima kwa kigawe cha tisa: 63 na 36, tofauti 27, 91 na 19, tofauti 72. Jaribu utakazo.

Na sasa lililo baya: mkono wa binadamu hukosea kwa kupishanisha mara nyingi sana. Mtihani wenu umefumba macho hapo hapo penye shimo.

Lakini kwa nini unauliza? Barua yako ina haraka kuliko maneno yake.

Mjomba wako


26 Februari

Mjomba, shikamoo.

Sijaruka salamu hata moja, nimezisoma mara mbili. Wasalimie wote hapo, kuku pia. Huku hatujambo. Mama hajambo, ana kazi nyingi tu: shule mbili zimempa sare za kushona kwa mpigo. Nitamkumbusha aandike. Mdogo wangu amepata kazi ya kupaka rangi, sasa hata vikombe vyetu vina madoa ya kijani.

Nitakueleza. Mwezi uliopita msomaji wa darubini alituletea kikaratasi cha jibu chenye namba ile niliyokutumia, iliyonakiliwa kwa mkono hapa kwetu. Jibu lenyewe ni baya: ni ugonjwa wa mfupa, mguu ukatwe chini ya goti, upesi. Tukatafuta faili lenye namba hiyo. Halipo. Mkuu wa maabara akapekua mwenyewe mafaili yote ya kituo chetu, akakuta mgonjwa mmoja mwanamke ambaye jibu lake la mfupa halijarudi. Namba yake ni 4 820 639 153. Mkuu akaziweka mbili hizo juu ya meza, akaniita.

"Unaona hapa? Tisa-moja, na huku moja-tisa. Mtu kageuza. Baki la huku ngapi?"

"Tano, Mkuu."

"Na la huku?"

"Tano."

"Wewe binti, tano si tano?"

"Ni tano, Mkuu."

"Basi jibu limepata mwenyewe. Kaendelee na kazi."

Akabandika kikaratasi kwenye faili la yule mwanamke. Daktari wa upasuaji huja kwetu mara chache, na safari hii anakuja mwishoni mwa Aprili. Jina la mgonjwa liko juu kabisa ya orodha yake. Mjomba, Mkuu si mtu mbaya wala si mvivu. Ninachotaka kujua ni kama yuko sahihi.

Ulisema zamani kwamba namba moja haisemi kitu mpaka uione na ndugu zake. Nimekunakilia namba nne kutoka roli mpya ya lebo za chupa, zilivyofuatana: 4 820 749 153, kisha zinazoishia 164, 175, 186. Zinaruka, unaona. Lebo zote tunazopewa na ghala kuu ziko hivyo. Hapa kazini tunasema mchapaji wao ana kigugumizi.

Mpwa wako


14 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Kuku mmoja ametaga kwenye kiti changu cha kusomea, kwa hiyo nakuandikia nimekaa juu ya ndoo.

Mchapaji wenu hana kigugumizi. Ana akili, na ninyi mmemcheka miaka yote hiyo. Lebo zake zinaruka kumi na moja-kumi na moja kwa sababu hachapi namba yoyote isipokuwa ile inayogawanyika kwa kumi na moja bila baki. Nimejaribu zote nne ulizonitumia. Nimejaribu na ya yule mwanamke.

Njia ya kujua ni rahisi, huhitaji kugawanya. Anzia kulia. Tarakimu ya kwanza itie mfuko wa kulia, ya pili mfuko wa kushoto, ya tatu kulia, ya nne kushoto, hadi mwisho. Jumlisha kila mfuko, tafuta tofauti. Ikiwa sifuri, au kumi na moja, au kigawe chake kingine, namba inagawanyika. Chukua 4 820 749 153: mfuko wa kulia una 3, 1, 4, 0 na 8, jumla kumi na sita. Wa kushoto una 5, 9, 7, 2 na 4, jumla ishirini na saba. Tofauti kumi na moja. Safi.

Sasa ona uzuri wake. Tarakimu mbili jirani haziwi kamwe katika mfuko mmoja. Ukizipishanisha, moja inahama huku na nyingine inahama kule, na tofauti ya mifuko inabadilika kwa mara mbili ya pengo lililo kati yao. Pengo la tarakimu mbili zisizofanana ni kuanzia moja hadi tisa. Lizidishe kwa mbili, hupati kumi na moja wala kigawe chake. Kwa hiyo kila upishanisho wa jirani unajitaja wenyewe. Huyo mchapaji aliwapa kufuli, ninyi mkaitumia kuzuia karatasi zisipeperuke.

Tuilete namba ya kikaratasi, 4 820 631 953. Kulia: ishirini na tatu. Kushoto: kumi na nane. Tofauti tano. (Usiichanganye na tano ya Mkuu, zimekutana tu njiani.) Tano si kumi na moja. Namba hiyo haijawahi kuchapwa. Hakuna chupa duniani yenye lebo hiyo. Ilizaliwa kwenye ncha ya kalamu ya mtu.

Mpaka hapo Mkuu wako yuko sahihi: mtu kageuza. Lakini yeye aliona mgeuzo mmoja unaofaa akasimama. Mimi nina muda, nimestaafu. Namba ya tarakimu kumi ina jozi tisa za jirani, na nimezigeuza zote, moja baada ya nyingine. Saba zinakataa. Mbili zinakubali. Ya kwanza ni ile ya 19 na 91, inayotupa namba ya yule mwanamke. Ya pili ni 63 ikirudi kuwa 36. Inatupa 4 820 361 953, ambayo nayo inagawanyika kwa kumi na moja, safi kama ile nyingine.

Kwa hiyo yuko mtu wa pili, labda wa kituo kingine. Mtafute.

Halafu kuna hili: nilikuuliza habari za mama yako, ukanipa habari za sare.

Mjomba wako


4 Aprili

Mjomba, shikamoo.

Barua yako imekaa posta hadi juzi, bahasha ilikuwa na alama ya kiatu. Natumaini goti linaendelea vizuri. Huku wote wazima.

Nimempata. Faili la 4 820 361 953 liko kituo cha upande wa pili wa mji, ambacho nacho huleta chupa zake kusomwa kwetu. Ni mwanamume, fundi wa kuchomelea vyuma, ana karakana nyuma ya stendi ya magari. Alikatwa kipande cha mfupa wa mguu kwa uchunguzi, Novemba, kama yule mwanamke. Kwenye faili hakuna jibu. Kituo kile huwaambia watu, "Usipoitwa, ujue huna kitu." Hakuitwa. Amerudi kazini.

Nilimpelekea Mkuu barua yako, ukurasa ule wa mifuko miwili. Aliisoma amesimama, akaniambia, "Mjomba wako anajua hesabu, sikatai. Lakini hospitali haiendeshwi na wastaafu." Nikamwomba anisainie niingie stoo nikaziangalie chupa zenyewe. Akasema stoo ina maelfu ya chupa zisizo na mpangilio, na nikianza kupekua kwa ajili ya mmoja, kesho watakuja wote. Funguo anazo mtunza stoo, tunamwita Mzee Funguo, na yeye bila saini hafungui hata akiugua mkuu wa nchi. Na mwisho wa mwezi huu chupa za mwaka jana zinachomwa moto. Ni utaratibu wa kila mwaka.

Mjomba, mimi si mwanafunzi wako leo. Naomba uniambie neno moja tu. Niambie si yule mwanamke. Umekaa na namba maisha yako yote, lazima unahisi kitu. Jana nilimpelekea chai akaniuliza kama mguu mmoja unatosha kuendesha cherehani. Nikamwambia zipo za umeme. Akacheka, akasema za umeme hazina adabu, zinakimbia kabla hujaamua. Nilitoka nje nikasimama ukutani.

Niambie si yeye, nilale.

Mpwa wako


11 Aprili

Mpwa wangu,

Barua hii nimempa dereva wa basi mkononi. Posta ituache kidogo.

Cherehani za umeme hazina adabu. Niliwahi kumpelekea mtu mmoja picha ya cherehani ya umeme, nikitaka kumnunulia, naye akanijibu maneno hayo hayo. Nimekaa na barua yako mchana kutwa. Mke wangu aliniuliza kama nimefiwa.

Najua alikukataza. Namjua: akiwa mtoto alivunjika kidole akakificha mpaka kikapona kimepinda. Umetunza neno lake, sina ugomvi na wewe. Usimwambie kuwa najua. Nami sitamwambia.

Neno unaloliomba sinalo. Ningeweza kuandika "si yeye," ukalala, na ningekuwa nimekudanganya kwa sauti ya mwalimu. Namba imesema yote iliyonayo. Imesema "mimi ni ya uongo," na imetaja watu wawili. Kati ya hao wawili haijui, na mimi sijui. Nataka iwe ya yule fundi. Mimi ni kaka, nataka hivyo kwa moyo wangu wote, na naona haya kutaka, kwa sababu na yeye ana miguu miwili na huenda ana dada.

Sasa sikiliza. Vyote tulivyonavyo ni nakala: kikaratasi ni nakala, faili ni nakala, hata barua yangu. Kitu kimoja tu hakikunakiliwa na mkono wa mtu, nacho ni lebo iliyobandikwa kwenye chupa. Hesabu imekufikisha mlangoni mwa stoo, haiwezi kuingia.

Usimwendee Mkuu kumwambia amekosea. Hakukosea, aliishia nusu ya njia. Ukimpinga, atatetea nusu hiyo mpaka mwisho. Mpelekee namba tatu kwenye karatasi tupu, na kalamu. Mwombe atafute mifuko kwa mkono wake mwenyewe. Akimaliza, muulize swali moja, kisha unyamaze: "Mkuu, ukisaini mguu huu ukatwe, umesaini wa namba ipi kati ya hizi mbili?" Usijaze ule ukimya. Watu wengi hushindwa kwa sababu wanaujaza.

Na uwahi kabla ya moto.

Mjomba wako


28 Aprili

Mjomba wangu, shikamoo, shikamoo tena.

Sijui nianzie wapi. Mama hakatwi mguu.

Nilifanya ulivyosema. Mkuu alihesabu mifuko mara ya kwanza, akarudia, akavua miwani. Nikamuuliza lile swali. Nikanyamaza. Mjomba, nilisikia saa ya ukutani, nikasikia mtu anaburuta kiti chumba cha pili, na mdomo wangu ulikuwa unawasha kwa maneno. Mkuu akasema polepole, "Mjomba wako huyo, alikuwa akichapa wanafunzi?" Nikasema hapana. "Basi alikuwa na njia mbaya zaidi." Akasaini. Akaja na sisi stoo.

Mzee Funguo alipoona saini aliigeuza upande wa pili kuhakikisha haijaandikwa na mimi. "Mnatafuta nini humo?" Nikamwambia chupa mbili. "Chupa mbili kwenye hizi? Bora mngetafuta mume." Tukapekua asubuhi nzima, sisi watatu, mikono inanuka dawa. Mkuu ndiye aliyeipata ya kwanza, 4 820 361 953. Kifuniko chake kilikuwa kimefunguliwa, na ubavuni kuna alama nyekundu ya msomaji wa darubini: imesomwa. Mimi nikaipata ya Mama rafu ya chini, kwenye trei ya zile zinazosubiri zamu. 4 820 639 153. Nta ya kifuniko ilikuwa nzima. Haijawahi kufunguliwa, Mjomba. Hakuna mtu aliyewahi kuangalia kilichomo. Kwa kuwa jibu "lilishapata mwenyewe", hakuna aliyeiulizia tena.

Ikasomwa siku ile ile. Uvimbe wa kawaida. Utatolewa, na baada ya wiki chache atakanyaga cherehani yake. Daktari wa upasuaji ameshafika, yuko kwetu mpaka tarehe kumi Mei. Nilipomwambia Mama akasema, "Sasa mjomba wako asijue, atajivuna mwaka mzima." Nikamwambia unajua. Alinitupia kitambaa cha sare. Amesema atakuandikia mwenyewe, na kwamba kuku wako hao ni wa kuliwa, si wa kuheshimiwa.

Mdogo wangu amepaka mlango wetu rangi ya bluu bila kuulizwa. Jirani ametuletea viti. Nyumba imejaa watu. Mkuu naye amebandika maelezo ya mifuko miwili ukutani, juu ya meza ya kunakilia. Hilo la kituo kingine amesema ataliandikia barua rasmi, lipite njia zake.

Wasalimie sana. Sijalala vizuri hivi tangu Novemba.

Mpwa wako


5 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba, na asante. Nimeisoma barua yako kwa sauti, mke wangu akalia, kisha akanikatalia kuchinja hata kuku mmoja. Ya mama yako nayo imefika. Kurasa nne, zote za kunigombeza. Nimeikunja nimeiweka kwenye mfuko wa shati, natembea nayo.

Hii pia nimempa dereva mkononi, utaipata asubuhi.

Barua yako ina mambo mengi mazuri. Ina rangi ya mlango, viti vya jirani, kitambaa cha sare. Fundi wa kuchomelea vyuma ana sentensi moja, ya mwishoni, nayo ni ya Mkuu. Sikushangaa. Mtu aliyeponea chupuchupu hatazami nyuma, na mimi mwenyewe nilifika mwisho wa barua nikicheka kabla sijahisi kwamba kuna mtu hayumo.

Tulikuwa tunatafuta mwenye namba, mpwa wangu. Hatukuwa tunatafuta asiyekuwa mwenye namba. Sehemu hiyo ya pili tumeimaliza vizuri, tukapika chai. Lakini kikaratasi kile bado kinasema kilichosema tangu mwanzo, mguu huo bado unataka kukatwa upesi, na sasa tunajua ni wa nani. Yeye hajui. Aliambiwa asipoitwa hana kitu, na kila siku asiyoitwa anazidi kuamini. Barua rasmi itapita ofisi tatu, itakaa posta kama zangu zinavyokaa, itawekewa alama ya kiatu. Daktari anaondoka tarehe kumi.

Najua unaogopa nini. Ukimwendea, watauliza nani alinakili, na mwisho wa swali hilo kuna kazi ya mtu. Mwandiko wa kwenye kikaratasi ni wa nani, mimi sikuulizi, wala hukuwahi kuniambia katika barua zote hizi. Akikuuliza yeye, mjibu. Ana haki hiyo kuliko mimi na kuliko Mkuu.

Leo, kabla hujavaa koti la kazi, nenda karakana iliyo nyuma ya stendi, umsubiri azime moto wake, umwambie chupa yake ilisomwa, kisha uje naye mwenyewe kwa daktari.